Hifadhi ya Ardhi ya Umma ni Amana, Isiwe Milki ya Mwenye Nguvu

Kila sifa njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vyote vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, zipo kauli mbili zinazosikika kila panaposimamishwa kibao cha hifadhi pembezoni mwa kijiji. Ya kwanza ni ya yule asemaye kuwa serikali imetunyang'anya, basi na tuingie usiku tuchukue kilicho chetu. Ya pili ni ya yule asemaye kuwa eneo hilo sasa ni la serikali, basi mwananchi hana la kuuliza. Kauli hizi huonekana kugombana, lakini zimekosea mahali pamoja. Zote mbili zimesahau kwamba mali ya umma ina mwenyewe. Mwenyewe ni sisi tulio hai leo, watoto wetu, na wale ambao bado wamo katika elimu ya Mola wao na hawajazaliwa.

Ijumaa ya leo tumeona ni vyema tulizungumze jambo hili la kutenga kisheria sehemu ya ardhi ya umma, iwe msitu, malisho, kisiwa au bahari, ili ihifadhiwe. Baadhi ya Waislamu hulidhania kuwa ni jambo la wageni lililokuja na watalii na wafadhili. Ukweli ni kwamba Uislamu unalijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 1,400, una jina lake na una masharti yake. Na masharti hayo ndiyo yanayotuhusu hapa, kwa sababu hifadhi yenye kutimiza masharti ni ibada na hifadhi isiyoyatimiza yaweza kuwa dhulma.

Sauti ya mbwa

Wanazuoni wametaja kwamba katika zama za ujahiliya, mkuu wa kabila alipofika mahali penye majani mazuri alipanda juu ya kilima na kumbwekesha mbwa wake. Pale ilipoishia kusikika sauti ya mbwa, pande zote nne, ndipo ulipokuwa mpaka wa malisho yake. Hakuna mnyama wa mtu mwingine aliyeruhusiwa kukanyaga hapo. Yeye mwenyewe, baada ya kujitengea eneo lile, alikuwa akiendelea kuwalisha wanyama wake pamoja na wa wenzake katika malisho yaliyobaki. Kwa hiyo alikuwa na lake peke yake, na lile la watu wote alikuwa na fungu lake pia.

Eneo la namna hiyo Waarabu walikuwa wakiliita hima, na katika asili hiyo hiyo ya neno ndimo lugha yetu ya Kiswahili ilimopata neno himaya. Mtume (S.A.W.) alipokuja hakulifuta jambo lenyewe. Alichokifuta ni ubinafsi uliokuwamo ndani yake. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba alibainisha kuwa hakuna himaya isipokuwa ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanazuoni wakalieleza hilo kuwa hakuna mtu, hata awe na cheo gani, mwenye haki ya kujitengea ardhi ya watu wote kwa manufaa yake, na kwamba kutenga kunakofaa ni kule kunakofanywa na kiongozi halali kwa maslahi ya Waislamu wote. Naye Mtume (S.A.W.) akalitenga bonde la Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa jihadi. Farasi wale walikuwa wa umma, na majani yale yakawa ya umma.

Zaidi ya hapo, wapo wale ambao wamejaaliwa kwenda kuhiji wanaojua kuwa Makka na Madina zina mipaka ambayo ndani yake miti ya asili haikatwi wala mnyama wa mwituni hawindwi. Mipaka ya Haram ya Makka imewekewa alama tangu zamani, na wanahistoria wameeleza kwamba mwaka wa ufunguzi wa Makka Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu azitengeneze upya alama hizo. Tulizingatie hilo. Mahali ambapo kukata mti ni haramu, mja hakuachwa abahatishe mpaka uko wapi. Alama zilisimamishwa ili azione kwa macho yake.

Agizo la Sayyidna Umar

Kisa kinachotufunza zaidi ni cha Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), nacho pia kimo katika Bukhari. Khalifa huyu alipomweka huru wake aitwaye Hunayy kuwa msimamizi wa himaya ya umma, alimpa agizo ambalo kila mtumishi wa hifadhi angepaswa kulijua. Alimtaka awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, kwani dua hiyo hujibiwa. Kisha akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Na akamtahadharisha asiwaruhusu wanyama wa Abdurrahman bin Awf wala wa Uthman bin Affan (R.A.).

Wasomaji wetu wanawajua masahaba hawa wawili. Ni miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo, na walikuwa matajiri wakubwa wa Madina. Kwa nini basi Sayyidna Umar awazuie watu wema kama hao na amruhusu mtu asiyejulikana jina? Sababu aliieleza mwenyewe. Matajiri wale, wakifa wanyama wao, wana mitende na mashamba ya kurejea. Lakini mnyonge, wakifa kondoo wake, atakuja mlangoni kwa Khalifa pamoja na watoto wake kuomba, na Khalifa hatakuwa na njia ya kumwacha. Kumpa maji na majani leo ni kwepesi kuliko kumpa dhahabu na fedha kesho.

Kisha Sayyidna Umar akakiri jambo zito. Alisema kwamba wenyeji wa ardhi ile wanamwona kuwa amewadhulumu, na kwamba ardhi ile kwa hakika ni yao, waliipigania katika ujahiliya na wakaingia Uislamu wakiwa juu yake. Akaapa kwamba lau si wanyama wa umma ambao alikuwa na wajibu wa kuwabeba juu yao watu wanaokwenda katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingelitenga hata shibiri moja ya ardhi yao.

Tuyatafakari maneno hayo. Kiongozi wa dola iliyozishinda Fursi na Rumi hakuona haya kukiri kwamba aliowatengea ardhi walikuwa na haki juu yake. Hakusema kuwa ardhi ni mali ya dola na yaliyobaki ni kelele. Alijua kwamba anachukua, alijua anachukua kwa nani, na alikuwa na sababu ya kuwaeleza.

Kutokana na mwenendo huo wanazuoni wametoa masharti manne ya himaya. Kwanza, itengwe na kiongozi halali. Pili, itengwe kwa maslahi ya umma. Tatu, isiwanyime wenyeji kile ambacho hawawezi kuishi bila yake. Nne, manufaa yake kwa jamii yawe makubwa kuliko madhara yake. Likikosekana moja kati ya hayo, tumerudi kule kwenye kilima na sauti ya mbwa.

Sheria zetu zinasemaje

Ndugu Waislamu, mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya Madina na sisi tuko Afrika Mashariki katika zama nyingine. Na tuzitazame basi sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Zanzibar, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 nayo inaiweka ardhi ya asili kuwa ya umma, chini ya Rais kwa manufaa ya Wazanzibari. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inagawa ardhi katika ya umma, ya jamii na ya binafsi, na ile ya umma inashikwa na serikali kwa niaba ya watu. Kwa hiyo kiini ni kimoja. Mwenye madaraka juu ya ardhi ya umma ni mdhamini, na mdhamini katika lugha ya dini yetu ni mwenye kubeba amana. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa kuzirudisha amana kwa wenyewe, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu.

Sheria hizi pia hazikuacha utengaji wa ardhi uwe wa ghafla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaelekeza kwamba ardhi ya kijiji ikikusudiwa kuhamishwa na kuwa ardhi ya hifadhi, lazima tangazo litolewe katika Gazeti la Serikali na nakala yake ipelekwe kwa halmashauri ya kijiji, likieleza eneo liko wapi, lina ukubwa gani na linachukuliwa kwa madhumuni gani. Siku zisizopungua 90 zipite kabla ya uhamisho kufanyika, wananchi wapate nafasi ya kusema, na suala la fidia lifikiwe. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka utaratibu wa kuchunguza madai ya watu wenye haki ndani ya eneo kabla ya kulitangaza kuwa msitu wa hifadhi.

Taratibu hizi zinaweza kuonekana kuwa ni urasimu wa makaratasi tu. Lakini ukizisoma kwa jicho la kisa cha Hunayy utaona ni ile ile dua ya mwenye kudhulumiwa inayoogopwa, sasa imeandikwa kwa vifungu. Na pale zinaporukwa, matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2022 eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,500 lilitangazwa na waziri kuwa Pori Tengefu la Pololeti huko Loliondo, katika ardhi ambayo wafugaji wa Kimasai walikuwa wakiitegemea kwa malisho. Kukatokea vurugu, watu wakaumia, na baadhi ya familia zikakimbilia upande wa Kenya. Mwezi Septemba 2023 Mahakama Kuu jijini Arusha ikalibatilisha tangazo hilo la waziri kwa sababu mashauriano yaliyotakiwa na sheria hayakufanyika. Mgogoro haukuishia hapo, wala sisi hatukusudii kuuamua katika ukurasa huu. Tunachosema ni kwamba mashauriano yaliyorukwa mwanzoni huja kudaiwa baadaye, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Fundisho la Misali

Hata hivyo, tusidhani kuwa kila hifadhi ni ugomvi. Tunao mfano wa kwetu, katika bahari ya Pemba. Misali ni kisiwa kidogo kisichozidi kilomita moja ya mraba, magharibi ya Chake Chake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri (A.S.) alifika hapo akawaomba wavuvi msala wa kusalia, na ilipokuwa hawana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, kwa jinsi umbo lake lilivyoelekea kibla. Hayo ni masimulizi ya wazee na elimu yake iko kwa Allah, lakini yanaonesha namna watu wa Pemba walivyokuwa wakikitazama kisiwa kile. Hakina wakaazi wa kudumu. Wavuvi kutoka madiko mengi ya Pemba hupiga dago hapo, hulala siku kadhaa, na hurudi kwa familia zao na kitoweo na cha kuuza. Fukwe zake hupandwa na kasa wa kawaida na ng'amba kuja kutaga, na matumbawe yake ni miongoni mwa mazuri katika pwani yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na pendekezo la kukikodisha kisiwa hicho kwa ajili ya utalii wa hoteli. Wavuvi waliona wazi kilichokuwa kikija: dago lingekwisha, na walaji wa miaka yote wangegeuka wavamizi. Wakalalamika, na sauti yao ikasikilizwa. Mwaka 1998 Misali na bahari inayokizunguka ikatangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi. Mwaka 2005 ikaingizwa ndani ya eneo kubwa zaidi la hifadhi ya mkondo wa bahari wa Pemba.

Tuangalie jinsi ilivyotengwa. Uvuvi haukupigwa marufuku wote. Sehemu ndogo ya upande wa magharibi ndiyo iliyofungwa isivuliwe kabisa, ili samaki wapate pa kuzaliana na wakizidi watoke kwenda kwenye nyavu za watu. Sehemu iliyobaki ikaachwa kwa mvuvi wa kawaida mwenye mshipi, dema na nyavu za halali. Zilizokatazwa ni zile njia zinazoangamiza, kama baruti, sumu ya utupa, na uvuvi wa kuyapigapiga matumbawe ili samaki watoke. Wavuvi wakawa na jumuiya yao iliyoshiriki katika usimamizi, na fungu la ada za wageni likapangiwa kurudi kwa jamii. Mwenye kondoo wachache aliruhusiwa kuingia. Aliyezuiliwa ni yule ambaye angekuja na nguvu kubwa akamaliza kila kitu.

Unguja nako tuna Jozani. Mwaka 2004 msitu wa Jozani na mikoko ya Ghuba ya Chwaka ukawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza kwa Zanzibar, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50. Humo ndimo anamoishi kima punju, ambaye asili yake ni Unguja peke yake duniani kote. Kabla ya hapo wakulima wa jirani walikuwa wakilalamika, na kwa haki, kwamba kima wanakula mazao yao ilhali watalii wanaokuja kuwapiga picha wanalipa kwingine. Ndipo ukawekwa utaratibu wa kutoa sehemu ya mapato ya wageni kuwafidia wakulima na kusaidia maendeleo ya vijiji. Mtu anaweza kusema fidia hiyo ilikuwa ndogo au ilichelewa, na huenda akawa na haki ya kusema. Lakini msingi wake ni sahihi: anayebeba mzigo wa hifadhi awe wa mwanzo kuonja matunda yake.

Sheria peke yake haitoshi

Pamoja na hayo, tusijidanganye kwamba tangazo la Gazeti la Serikali linamlinda kasa. Bahari ni pana na boti ya doria ni moja, na mara nyingine haina mafuta. Mvuvi anayetupa baruti alfajiri anajua kuwa askari hayupo. Je, anajua kwamba Allah yupo?

Watu wa Misali waliliona pengo hilo mapema. Mwaka 1999, taasisi ya Kiislamu ya mazingira kutoka Uingereza ilishirikiana na wadau wa hifadhi kuandaa mafunzo yaliyowakutanisha wavuvi, viongozi wa dini na walimu, wakaisoma Qur'ani kwa ajili ya suala hili la bahari. Wakakumbushana kwamba binadamu ni khalifa juu ya ardhi na ataulizwa. Wakakumbushana kuwa israfu ni haramu hata katika kilicho halali, na kwamba Mwenyezi Mungu ameeleza katika Suratur Rum kuwa ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mvuvi ambaye alikuwa akiliona katazo la baruti kuwa ni amri ya ofisi akaanza kulisikia mimbarini, kutoka kwa imamu anayemswalisha na anayemzikia wazazi wake.

Upande wa pili, historia ya Bara Arabu inatuonesha kinachotokea pale usimamizi wa jamii unapoondolewa. Huko hima nyingi zilidumu kwa mamia ya miaka chini ya uangalizi wa vijiji na makabila. Katikati ya karne ya 20 zikafunguliwa kwa kila mtu, na mahali pengi malisho yakaliwa hadi ikabaki vumbi. Nia ilikuwa kuondoa upendeleo, nayo ni nia njema, lakini hakukuwekwa mlinzi mwingine mahali pa yule aliyeondolewa. Miaka ya karibuni baadhi ya nchi zimeanza kurejea. Lebanon, kwa mfano, tangu mwaka 2004 hima zimefufuliwa kwa makubaliano na mabaraza ya vijiji.

Fundisho ni kwamba sheria na imani zinahitajiana. Sheria bila ya imani hubaki kibao kilichoota kutu. Imani bila ya sheria haiwezi kumzuia mgeni asiyeijua, wala tajiri asiyejali. Mzee wa kijiji anaweza kumkanya kijana wake asikate mkoko, lakini hawezi kumzuia mtu anayekuja na hati mkononi. Hapo ndipo mnyonge anapohitaji karatasi yake pia: mpaka uliopimwa, eneo lililosajiliwa, na kifungu kinachotaja haki yake ya kuingia.

Wito wetu

Jambo hili ni la leo. Tangu mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji, na katika nchi zetu zote ardhi ya pwani imepanda bei kuliko wakati wowote tunaoukumbuka. Hatusemi kuwa kukodisha ni haramu. Serikali inahitaji mapato, na vijana wetu wanahitaji ajira. Tunachosema ni kwamba kila kisiwa, kila msitu na kila ghuba vina watu walio na ngamia wachache na kondoo wachache. Kabla ya saini kuwekwa, waulizwe. Na kama eneo linastahiki kuhifadhiwa, litengwe kisheria kabla ya thamani yake kuwa kubwa kiasi cha kila mwenye nguvu kulitamani, kwani baada ya hapo ni vigumu.

Kwa viongozi wetu tunasema: mipaka iwe wazi, ipimwe na iwekewe alama ambazo hata mtoto wa chuoni ataziona. Mashauriano yafanyike kwa lugha ya watu na kwa wakati ambao wavuvi na wakulima wapo nyumbani. Fidia ilipwe kabla ya kuhama, isiwe baada. Na doria inayomkamata mwenye mtumbwi imkamate pia mwenye meli. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba anayechukua kwa dhulma shibiri moja ya ardhi atavishwa shingoni Siku ya Kiama ardhi saba. Onyo hilo halikumvua mwenye cheo.

Kwa Waislamu wenzetu tunasema: hifadhi iliyotengwa kwa haki ni mali ya umma, na kuiba mali ya umma ni khiyana iliyokemewa katika Suratu Al Imran, ambapo tunaambiwa kuwa mwenye kufanya khiyana atakuja Siku ya Kiama na alichokihini. Mayai ya kasa yaliyofukuliwa usiku, boriti za mikoko zilizokatwa bila ya idhini na samaki wa baruti wanaouzwa sokoni kwa bei ya chini ni vitu vya kuulizwa. Na mnunuzi asijitoe. Anayemnunulia mvuvi wa baruti ni mshirika wake.

Hifadhi ikitengwa kwa dhulma, njia ya Muislamu ni kudai haki yake kwa sheha, kwa diwani, kwa mwakilishi wake na mahakamani, mchana na kwa uwazi. Kuingia usiku na shoka hakumrudishii mtu haki. Kunamgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Na kwa wazazi: jambo hili huanza nyumbani. Baba anayekwenda pwani na mwanawe amwoneshe mpaka uko wapi na amweleze kwa nini hauvukwi. Mama anayepokea kitoweo aulize kimevuliwa vipi. Kasa mmoja huchukua zaidi ya miaka 20 tangu kuanguliwa hadi kurudi pwani kutaga. Kasa atakayeanguliwa mwaka huu, akisalimika, atarudi wakati watoto wetu wa leo wamekwishakuwa wazazi, na wao ndio watakaoukuta ama ufuo ama ukuta.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba hata Kiama kikimkuta mmoja wetu na mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Basi sisi ambao bado tuna nafasi, tupande, na tulinde kilichokwisha pandwa na Mola wetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie viongozi wetu uadilifu wa Sayyidna Umar, atujaalie sisi uaminifu wa kutunza tulichokabidhiwa, na asitufanye miongoni mwa wanaofanya ufisadi katika ardhi baada ya kwisha kutengenezwa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.